Herufi ni Mali ya Jeshi

Likonda alikuwa ameifungua pampu inayonywesha mashamba ya bonde zima, akazipanga nati zake juu ya gunia, kisha akakaa chini kuzitazama. Nilimkuta hivyo. Spana mkononi, jasho linamtoka, na mkewe Nyamizi amesimama mlangoni na khanga yake kiunoni, anamwangalia kama mgonjwa.

"Wifi, mwambie aache," Nyamizi akaniambia; huniita wifi kwa heshima, si kwa udugu. "Tangu asubuhi yuko hapo. Watu wa bondeni wanakuja kuulizia maji, nimechoka kuwadanganya."

"Afande," Likonda akasema bila kuinua kichwa, "hii pampu si ndiyo ile ile niliyowahi kuitengeneza gizani, mabomu yakituangukia?"

"Ya aina hiyo hiyo. Mimi nilikushikia tochi."

"Basi niambie inaanzia wapi."

Mimi nilikuwa sajini wake, si fundi. Nilichuchumaa pembeni yake nikaokota nati moja, nikaigeuzageuza kama mjinga, nikairudisha kwenye gunia. Likonda alikuwa koplo hodari kuliko wote niliowahi kuwaongoza. Mguu wake mmoja ulibaki mpakani, lakini mikono ilirudi mizima, na kwa mikono hiyo aliwalisha watoto wake miaka yote hii. Sasa mikono ipo na kazi haipo, maana alirudisha ubao.

Makaratasi ya serikali yanauita kipandikizi cha mafunzo. Sisi jeshini tuliuita ubao. Ni kitu kidogo, kama punje ya hindi, kinatiwa nyuma ya sikio la kushoto, nyuzi zake zinaota ndani polepole mpaka unasahau kwamba kipo. Wengi wetu tuliingia vitani bila shule. Mimi, Kabula binti Masunga, nilichukuliwa kutoka machungani, hata jina langu sijui linaandikwaje. Mwezi haukuisha nikawa nasoma ramani, nasoma amri, nasoma hata maandishi ya adui. Nilidhani nimefundishwa. Wote tulidhani hivyo.

Wasichotuambia ni kwamba ubao haufundishi. Unakukumbukia. Akili yako inauegemea kama mharage unavyoegemea mti wake, na mti ukishang'olewa, mharage unalala chini. Wala ubao hauchagui. Herufi walizonipa wamezifunga fundo moja na shabaha. Siku zile, nikipita sokoni, kila kifua nilichokiona kilikuwa na duara jembamba la kijani juu ya moyo, na ndani ya kichwa changu kulikuwa na kitu kinapima upepo bila kuombwa. Huwezi kutoa kimoja ukaacha kingine. Niliuliza.

Basi serikali ya Shirikisho ikatangaza redioni kwamba mpiganaji mstaafu atakayerudisha ubao kwa hiari atasomeshwa shule ya kweli, kuanzia chini mpaka chuo akitaka. Likonda hajawahi kusikia amri akangoja wenzake watangulie. Alikuwa wa kwanza mkoani kwetu. Walimtoa ubao, wakampa soda, wakampiga picha.

Shule haikuja. Ulikuja muswada. Muswada unasema mpiganaji yeyote aliyewahi kutiwa ubao ameshapata stahili yake ya elimu, na kwamba kama ameirudisha, hiyo ni hiari yake.

"Kesho unakwenda kusema nini huko?" Likonda akaniuliza. Nilikuwa nimeitwa mbele ya Kamati ya Stahili za Wapiganaji, kutoa ushahidi.

"Nitasema wamekuibia."

"Usiseme hivyo, afande. Watanuna." Akaifuta spana kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba kesho ataihitaji. "Waambie naomba darasa. Hata la watoto."

Niliondoka pale nimeuma meno. Nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua, lakini siku ile hazikuwa zangu peke yangu.

*

Mheshimiwa Rwegoshora, mwenye muswada, alinifuata kwenye mgahawa wa Baraza la kutunga sheria kabla kikao hakijaanza. Mtu mrefu, mpole wa sauti, suti haina hata mkunjo. Alivuta kiti akaketi mbele yangu kama tumefahamiana.

"Sajini, agiza chochote. Ni juu yangu."

"Nimeshaagiza chai, Mheshimiwa. Ni juu yangu."

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likamtoka. "Dada yangu alikuwa akiuza vitenge soko la Kanyelele," akasema.

Niliweka kikombe chini. Kanyelele hakuna asiyeijua. Mwenzetu mmoja aliyeachishwa jeshi alijikodisha kwa majambazi, akawarushia nyuki sokoni, vile vidude vya kuruka tulivyovitumia mpakani. Vilifuata shabaha ya ubao wake, vikachagua watu mmoja mmoja. Mwenzetu huyo alikuwa na ubao kama wangu, ametiwa na daktari yule yule.

"Pole, Mheshimiwa," nikasema, na niliisema kwa moyo.

"Sitaki pole. Nataka vitu hivyo vitoke vichwani mwa watu, vyote. Wewe unaweza kuniambia nimekosea?"

Sikuweza. Hata pale, tukizungumza, duara lilikuwa limekaa juu ya tai yake. Ukinikasirisha mimi duara lilikuwa linakoza. Hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yangu, nami nilikuwa siisemi.

"Lakini nawe si mtu wa kawaida," akaendelea, sauti imelainika. "Nimeambiwa unasoma sheria, mwaka wa pili. Kifungu cha kumi na moja kinampa Waziri uwezo wa kumwachia mtu ubao wake kwa manufaa ya umma. Shahidi anayelisaidia Baraza ni mtu wa manufaa."

"Nisaidie vipi?"

"Sema ukweli, basi. Uliingia jeshini huna herufi, ukatoka unazo, leo uko chuoni. Jeshi lilikusomesha. Watu wakikusikia wataelewa kwamba stahili ya elimu ilishatolewa zamani."

"Na Likonda?"

"Likonda ni nani?"

Nikanywa chai yangu.

Nisikudanganye, nilitamani. Unajua maana ya kutoka huna kitu, ukafika mahali ambapo karatasi ikikujia unaishika mwenyewe, unaikunja mwenyewe, hakuna mtu wa kukwambia imeandikwa nini? Kwetu kuna shauri la shamba la mama yangu limeburuzwa miaka na miaka, na mimi ndiye mtu wa kwanza katika ukoo wetu aliyewahi kusoma hukumu ile. Nilikuwa nimebakiza mwaka na ushei nisimame mahakamani kumtetea. Na huyu bwana alikuwa ananiambia nitabaki navyo vyote, sharti niseme asante.

"Nitafikiri, Mheshimiwa," nikasema.

"Fikiri haraka. Kengele imeshalia."

*

Chumba cha kamati kilijaa. Wastaafu wenzangu walikaa nyuma na magongo yao, Likonda kati yao, ameazima koti. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwanakheri, mama wa makamo mwenye mtandio wa zambarau, mtu wa adabu, anayekusikiliza mpaka unamaliza. Kwenye meza ya pembeni Rwegoshora alikuwa ameweka mashine ya kutolea ubao, na fundi wake, mwanamke aliyevaa koti jeupe, amesimama nyuma yake. Alitaka wajumbe waione.

"Haina maumivu," aliwaambia. "Jino bovu lina taabu zaidi. Watu wanatiwa hofu bure."

Nilipopewa nafasi niliomba nipewe muswada wenyewe, nikasimama nikausoma.

"Kifungu cha nne. Kipandikizi cha mafunzo, pamoja na yote yaliyomo, ni mali ya jeshi na kitarudishwa. Kifungu cha tisa. Mpiganaji aliyewahi kutiwa kipandikizi cha mafunzo atahesabiwa kuwa amekwishapata stahili yake ya elimu." Nikauweka mezani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimevisoma kwa sauti ili nijisikie mwenyewe kama nimekosea. Kifungu kimoja kinasema nilicho nacho si changu. Kingine kinasema nimeshalipwa kwa hicho hicho. Mimi nikimpa kibarua jembe langu, akanilimia shamba, jioni nikalichukua jembe langu nikamwambia ujira wako ulikuwa lile jembe, mtaniita nani?"

"Tapeli," mtu akajibu kutoka nyuma, na watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza, ingawa naye niliona mdomo wake ukizuia kicheko.

"Kwa hiyo chagueni," nikasema. "Kama ni elimu, ni yangu, hamna ruhusa ya kuigusa. Kama ni mali yenu, basi hamjatusomesha, na shule mnadaiwa. Vyote viwili hamvipati."

Nikaketi. Nilijiona nimemaliza kazi. Mjinga mimi.

Rwegoshora aliinuka bila haraka. "Waheshimiwa, naomba kumshukuru shahidi. Amesoma vifungu viwili vya sheria bila kukwama hata mara moja. Ametuchambulia kama wakili. Mtoto wa machungani huyu, waheshimiwa, kwa maelezo yake mwenyewe. Sasa niwaulize, nani alimfikisha hapa?" Akageuka kunitazama, na hata macho yake hayakuwa na ubaya. "Jeshi. Mnataka ushahidi kwamba wapiganaji wetu walisomeshwa? Mmeusikia sasa hivi, kwa mdomo wake. Baraza haliwezi kulipia shule mara mbili."

"Mimi mara ya kwanza iko wapi?" Likonda akauliza kutoka nyuma. Hakupaza sauti. Mwenyekiti akamwomba aketi, akaketi.

Ndipo nilipoelewa. Kadiri nilivyosoma vizuri ndivyo nilivyowamaliza wenzangu. Wangemweka Likonda kando yangu waseme, mwone huyu, alipewa kama mwenzake, akatupa. Nikisema vizuri ni kosa, nikinyamaza wanapita. Hasira ilinipanda, na duara juu ya kifua cha Mheshimiwa Rwegoshora likakoza mpaka likawa karibu jeusi, upepo ukapimwa, umbali ukapimwa. Nikaogopa. Nilijiogopa mwenyewe kuliko nilivyowaogopa wao.

Nikainuka nikaenda kwenye meza ya pembeni.

"Fundi, mashine yako nzima?"

Yule mwanamke akamtazama bwana wake. "Nzima, mama."

"Basi fanya kazi."

"Hapana," Rwegoshora akasema. "Si hapa."

"Umesema haina maumivu."

"Si suala la maumivu."

"Ni suala la nini, Mheshimiwa? Waambie wenzako. Ubao ukitoka, kitabaki nini?"

Chumba kizima kilimngoja ajibu, naye akawa anarekebisha karatasi zake. Mwenyekiti Mwanakheri akavua miwani.

"Bi. Kabula," akasema, "una hakika na unalolifanya? Uko chuoni, mwanangu."

"Nina hakika, mama. Ndiyo maana nataka sasa hivi, kabla sijaogopa zaidi. Sheria iliyopo inaniruhusu kuurudisha popote palipo na fundi wa serikali. Fundi huyu hapa."

Mama yule akamwashiria fundi kwa kichwa.

Kitu cha baridi kiligusa nyuma ya sikio langu. Juu ya kiti cha Mwenyekiti kulikuwa na maandishi makubwa ya dhahabu, HAKI KWA WOTE WALIOTUMIKA, nami nikayakazia macho, nikayasoma, nikayasoma tena, kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Neno la mwisho liliondoka kwanza. Nililiona lipo, dhahabu ipo, lakini halikuniambia kitu. Kisha yale ya katikati. Nilibaki na HAKI nikaing'ang'ania, najua ni haki, najua, najua, halafu sikujua. Ukutani palibaki mikwaruzo, kama kuku aliyepita kwenye vumbi.

Nililia. Sioni haya kulisema. Nililia mbele ya wajumbe, kamasi na yote, na Likonda akaja na gongo lake akasimama nyuma yangu, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi.

Halafu nikainua uso nikawatazama watu. Watu tu. Mwenyekiti na mtandio wake, fundi na koti lake jeupe, Rwegoshora na tai yake. Hakuna duara juu ya mtu yeyote. Ndani ya kichwa kimya, hakuna kinachopima upepo. Sikuwa nimewaona watu hivyo tangu nikiwa msichana.

"Mheshimiwa Rwegoshora," nikasema, "kwa habari ya Kanyelele ulikuwa sahihi. Vitu hivi vitoke, na Mungu amrehemu dada yako. Lakini mali yenu hiyo hapo mezani. Niulize tena nani alinisomesha."

*

Wengi walidhani Rwegoshora ameshindwa. Kumbe bado. Mtu aliyezoea Baraza hakubali kirahisi. Alikunywa maji, akajikohoza, akasema kwamba shahidi amerudisha kipandikizi kwa hiari yake, kwamba ni jambo la kusikitisha na la kupongezwa, na kwamba halibadilishi kifungu cha tisa hata nukta. Akaomba kamati ipige kura alasiri ile ile. Wajumbe wenzake wakaanza kuitikia kwa vichwa. Niliwaona, na moyo ukanianguka. Nilikuwa nimetoa kila nilicho nacho na bado walikuwa wanapita juu yetu.

Katibu wa kamati, Bwana Mngodo, akainuka na karatasi mkononi. Ni mtu mkavu, wa taratibu, sidhani kama alikuwa upande wa mtu yeyote.

"Mwenyekiti, kura haiwezi kupigwa. Ushahidi haujakamilika. Shahidi anatakiwa kuusoma ushahidi wake kama ulivyoandikwa, kisha autie sahihi."

"Asomewe," Rwegoshora akasema.

"Kanuni inakataza, Mheshimiwa. Anasoma mwenyewe."

"Kanuni gani hiyo?"

"Ile ya baada ya vita. Wapiganaji walisomewa jambo moja wakatia dole gumba kwenye jingine. Baraza likaamua shahidi asisomewe na mtu." Mngodo akasita kidogo. "Wewe ndiye uliyeileta hoja, Mheshimiwa. Ulisema ni heshima yao."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka akajizuia. Rwegoshora akasema basi ushahidi ufutwe. Mngodo akasema umeshaingia kwenye kumbukumbu, pamoja na maneno ya Mheshimiwa mwenyewe kuhusu jinsi shahidi anavyosoma vizuri, na kumbukumbu hazifutwi. Akasema nusu ya wajumbe wakitaka wanaweza kuibadili kanuni, lakini hilo litakwenda mbele ya Baraza zima, hadharani, na mwenye hoja ataeleza kwa nini. Rwegoshora akaketi.

Siku hizi nasikia watu wakisema nilipanga yote. Sikupanga. Nilikasirika, na niliogopa, na nilichoka kumwona Likonda akizitazama nati. Kanuni ile sikuwa hata nimewahi kuisikia.

Bwana Mngodo akaja akaiweka karatasi mbele yangu, akaweka na kalamu pembeni, kwa adabu kabisa. Niliitazama. Nilijua ni maneno yangu, nilikuwa nimeyatamka saa ile ile kwa ulimi wangu, na karatasi ilikuwa bubu kama jiwe. Likonda akainama juu ya bega langu akaitazama naye. Tukaitazama wote wawili.

"Bi. Kabula," Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya mtu aliyeona mlango, "unaweza kuusoma ushahidi wako?"

"Siwezi, mama."

"Kwa hiyo kamati hii itangoja mpaka uweze."

"Naona hivyo."

"Na muswada huu hautakwenda popote mpaka siku hiyo." Akamtazama Rwegoshora, akanirudia mimi. "Kwa makadirio yako, itakuwa lini?"

Nikaifunika kalamu, nikairudisha mbele ya katibu, nikamvutia Likonda kiti aketi pembeni yangu, kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua.

"Inategemea, mama," nikasema, "mtatuletea mwalimu lini."